Colin Chapman: Msee Aliyefeli Hesabu Chuo, Akakopeshwa Pauni 25 na Dem Wake, Akaunda Ndai za Faiba Zilizotikisa Dunia

Kabla tuanze, tuelewane kitu kimoja. Nikisema faiba hapa simaanishi ile waya ya WiFi ambayo landlodi wako hukata rent ikichelewa. Naongea kuhusu faiba ya nyuzi za kioo na resini, ile inaunda bampa za nganya, tangi za maji na boti. Kuna msee mmoja wa Uingereza aliichukua hiyo kitu akaunda nayo gari nzima, body na chasisi zikiwa kitu kimoja, mwaka wa 1957. Wakati huo watu wengi hata hawakujua hiyo kitu ni nini.

Huyo msee anaitwa Colin Chapman, ndiye aliyeanzisha Lotus. Amekufa zaidi ya miaka 40 sasa, na bado kuna wazee Ulaya na Marekani ambao hushinda gereji kila wikendi wakipiga msasa mlango wa gari aliyounda. Stori yake iko na pesa, mapenzi, vifo na kashfa moja kubwa sana. Kaa kitako.

MTOTO WA MWENYE BAA

Anthony Colin Bruce Chapman alizaliwa tarehe 19 Mei 1928 pale Richmond, karibu na London. Alilelewa Hornsey, kaskazini mwa jiji, ambapo fathee wake alikuwa anaendesha baa na hoteli iliyoitwa Railway Hotel. Kwa hivyo ukimwona baadaye na saa kali na ndege yake binafsi, jua alianzia nyuma ya kaunta ya pombe kama wengine wetu.

Mwaka wa 1944, vita vikiwa bado vimechacha, alienda densi akakutana na mrembo anaitwa Hazel Williams. Shika hilo jina. Bila Hazel hakuna Lotus, na wengi wakisimulia hii stori humrukia kabisa.

Mwaka wa 1945 Chapman akaingia University College London kusomea uhandisi wa majengo. Sasa chuo kilikuwa karibu na Warren Street, mtaa uliokuwa soko la magari ya mitumba. Unajua vile inaendaga. Darasa liko huku, doh iko kule. Yeye na beshte yake wakaanza kununua magari makuukuu, wanayaosha, wanayauza, wanaongeza kitu juu. Biashara ikashika.

Halafu mwisho wa 1947 serikali ya Uingereza ikaondoa mgao wa kawaida wa petroli. Hakuna mafuta, nani atanunua gari? Soko likafa ghafla. Chapman akauza zote kwa hasara akabaki na moja tu iliyokataa kununuliwa, Austin Seven. Nayo masomo yakamlipa kisasi. Mwaka wa 1948 akafeli karatasi ya mwisho ya hesabu na akatoka chuo bila digrii. Alirudi kuifanya mwaka uliofuata ndio akapita.

Mimi niliacha chuo na sikurudi, kwa hivyo hapo sitampigia mtu kelele. Lakini angalia alichofanya na ile Austin. Hakulia. Aliipeleka kwa gereji ndogo nyuma ya nyumba ya wazazi wa Hazel, akatoa body yote, akaunda nyingine ya plaiwudi iliyofunikwa bati la alumini. Aliikadiria vile mhandisi wa madaraja angekadiria daraja, kila kipande kibebe mzigo wake. Ikatoka nyepesi na ngumu. Hiyo ndiyo Lotus ya kwanza kabisa.

PAUNI 25 ZA HAZEL

Baada ya muda mfupi jeshini kwa wana-anga, Chapman alipata kazi kampuni ya alumini, lakini usiku alikuwa anaunda magari. Tarehe 1 Januari 1952 akaanzisha Lotus Engineering. Mtaji? Hazel alimpa pauni 25. Karakana? Banda la farasi la zamani nyuma ya ile baa ya fathee. Wafanyakazi? Mabeshte waliokuja baada ya kazi zao za mchana, wengi bila kulipwa, juu waliamini kitu anaunda. Mmoja wao, Mike Costin, na mwingine aliyekuja baadaye, Keith Duckworth, ndio walienda kuanzisha Cosworth, ile kampuni ya injini. Hiyo ndiyo ilikuwa mbogi.

Hazel na Colin walioana 1954, wakapata watoto watatu.

Falsafa ya Chapman ilikuwa moja tu: punguza uzito. Wengine walikuwa wanaongeza nguvu ya injini, yeye anatoa kilo. Gari nyepesi inachomoka haraka, inakata kona vizuri, inafunga breki mapema, na inakunywa mafuta kidogo. Kama kipande kimoja kingefanya kazi ya vipande viwili, kimoja kinatupwa.

Na hapo ndipo faiba ilipoingia.

GARI BILA CHASISI YA CHUMA

Kwa maonyesho ya magari ya Earls Court, London, Oktoba 1957, Lotus ilileta gari inaitwa Elite. Mchoro wake ulianzishwa na Peter Kirwan-Taylor, ambaye kikazi alikuwa mhasibu. Watu walisimama wakaangalia tu. Ilikuwa ndogo, tamu, laini kama jiwe la mtoni.

Ajabu yake ilikuwa ndani. Marekani, Chevrolet walikuwa wameanza kuuza Corvette yenye body ya faiba tangu 1953, lakini chini yake kulikuwa na fremu ya chuma. Elite haikuwa na hiyo fremu. Faiba ndiyo ilikuwa body na ndiyo ilikuwa chasisi, na chuma kilikuwa tu vipande vichache vilivyozikwa ndani mahali pa kushikia injini na fremu ya kioo cha mbele. Gari nzima ilikuwa na kama kilo 500. Hiyo ni karibu nusu ya Probox. Injini ilikuwa ndogo, sisi 1,216, lakini kwa mashindano ya saa 24 ya Le Mans Elite ilishinda kundi lake mara sita.

Sasa shida. Wakati huo bado watu hawakuwa wanaielewa faiba vizuri. Faiba inapenda mzigo uliosambaa. Ukiiwekea bolti moja na uifanye ibebe suspensheni yote kwa hiyo bolti, inachoka. Elite kadhaa zilianza kung'oka pale suspensheni inaposhikia body. Na pesa pia zilikuwa zinavuja. Lotus ilipata hasara kwa Elite. Zilitoka kama 1,000 hivi mpaka 1963, basi.

NDAI YA KUJIUNDIA NYUMBANI

Kitu kilichomwokoa Chapman ni kujua Mwingereza wa kawaida amesota lakini anataka kuendesha kitu kali. Serikali ilikuwa inatoza kodi nzito kwa gari jipya, lakini ukinunua vipande ujiundie mwenyewe, hiyo kodi hulipi. Kwa hivyo Lotus Seven ya 1957, na Elite na Elan baadaye, ziliuzwa pia zikiwa vipande. Unaletewa body, injini, magurudumu na bolti, wewe na beshte yako mnashinda wikendi mkizifunga.

Sheria ilisema usiuze na maelezo ya kuunganisha. Lotus wakatoa maelezo ya kufungua. Wewe unasoma kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Huyo ndiye Chapman. Akiona sheria, anatafuta mlango wa nyuma. Kumbuka hii tabia, tutairudia.

Elan ilikuja 1962 chini ya Ron Hickman, mzaliwa wa Afrika Kusini. Safari hii walijifunza. Body ni faiba, lakini inakaa juu ya uti wa mgongo wa chuma unaobeba injini na suspensheni. Uzito kama kilo 680, injini ya sisi 1,558, na kona inakata kama swala. Wajapani walipounda Mazda MX-5 ya 1989 waliiangalia Elan kwa makini sana. Hickman naye ndiye aliyebuni Workmate, ile meza ya kukunja ya mafundi iliyouzwa na Black & Decker. Kwa hivyo msee anayerekebisha Elan yake leo, kuna uwezekano mkubwa ameweka kipande juu ya meza iliyobuniwa na mtu yuleyule. Enyewe dunia ni ndogo.

SASA, FAIBA IKIPASUKA UNAFANYA AJE?

Wacha tusimame hapa kidogo juu hii ndiyo sehemu inafanya magari ya Chapman yaishi mpaka leo. Faiba haishiki kutu. Lakini inapasuka, na ukiirekebisha vibaya inakuaibisha.

Nilijua hii kwa njia ngumu. Binamu yangu ako na ex-Japan yenye bampa ya faiba. Ilipasuka, tukapaka fila, tukapiga msasa, tukapuliza rangi. Ikawaka! Tukapiga hadi picha. Wiki mbili na matuta kadhaa baadaye, ufa ukarudi palepale, kama ameitwa. Fundi mmoja wa Kariobangi aliing'oa bampa, akaigeuza, akatuonyesha upande wa ndani. Ufa wa ndani ulikuwa mrefu mara tatu ya ule wa nje. Sisi tulikuwa tumepaka poda kwa kidonda.

Mwenye Elan anafanya vilevile fundi alituonyesha. Shika hizi hatua.

Kwanza, osha na usafishe kwa thina mpaka nta na mafuta yaishe. Usiweke dawa kali ya kubandua rangi, juu inaweza kuingia ndani ya faiba na kuiharibu. Rangi itoe kwa msasa, polepole.

Pili, kabla kushika grainda, jifunike. Vumbi ya faiba ni vipande vidogo vya kioo. Vaa maski ya maana, miwani, glavu na mikono mirefu. Ukipuuza utajikuna usiku kucha, na mapafu hayana spea.

Tatu, anzia nyuma. Sugua upande wa ndani kwa msasa mkali, sentimita tano hadi nane kuzunguka ufa, mpaka ile ngozi inayong'aa iishe na ikwaruze. Resini haishiki kitu laini. Kingo za ufa zipunguze kwa mteremko mrefu, zisibaki kama ukuta. Kama kuna shimo, bandika kwa nje kadibodi iliyofunikwa nailoni ndio ishikilie umbo.

Nne, kata mkeka wa nyuzi za kioo, vipande vitatu au vinne, kila kimoja kikubwa kuliko kingine. Changanya resini ya polyester na hadina, gramu moja hadi mbili za hadina kwa gramu 100 za resini. Changanya kidogo kidogo. Ukijaza kikombe kizima kitapata moto, kianze kutoa moshi, na kigeuke jiwe kabla umalize. Hiyo hadina ikiingia jicho unaweza kupofuka, kwa hivyo miwani haitoki.

Tano, paka resini, weka mkeka, kisha gonga gonga kwa brashi. Usivute kama unapaka ukuta, nyuzi zitahama. Pitisha rola ndogo utoe hewa yote. Kiputo kimoja cha hewa ni ufa wa mwezi ujao. Fanya hii kazi mahali pakavu penye joto, si siku ya mvua na baridi ya Julai.

Sita, wacha ikauke usiku mzima. Kesho yake ndio unageukia nje. Chimba ufa uwe kama herufi V, ujaze, na fila iwe tu ya kusawazisha juu juu. Piga msasa wa 80, halafu 120, 240 na 400, uende polepole. Ile mipasuko midogo kama utando wa buibui usiifiche kwa rangi. Ondoa hiyo ngozi yote ya juu mpaka ufa uishe, uweke kitambaa chembamba cha nyuzi na resini, ndio uanze upya. Na usikimbilie kupuliza. Rangi juu ya resini ambayo haijakauka vizuri itatoa vipele.

Ni hayo tu. Hauhitaji mashine ya mamilioni, unahitaji uvumilivu. Ndio maana msee wa kawaida anaweza kuokoa Lotus kwa gereji ya nyumbani.

UBINGWA NA MAKABURI

Turudi kwa Chapman. Miaka ya sitini alikuwa moto. Kwa Formula 1, Lotus 25 ya 1962 ilileta chasisi ya bati kama mwili wa ndege, na baadaye kila mtu akaiga. Lotus ilichukua ubingwa wa watengenezaji mara saba: 1963, 1965, 1968, 1970, 1972, 1973 na 1978. Mwaka wa 1965 Jim Clark akaenda Marekani akashinda Indianapolis 500 na Lotus. Kila ushindi Chapman alikuwa anarusha kofia yake nyeusi hewani.

Lakini wepesi uko na bei. Wikendi moja ya 1960 kule Spa, Ubelgiji, gurudumu lilichomoka kwa Lotus ya Stirling Moss akavunjika, na usukani ukakatika kwa Lotus ya Mike Taylor, ambaye baadaye aliishtaki kampuni. Siku ya mashindano Alan Stacey akagongwa na ndege usoni akafa. Tarehe 7 Aprili 1968 Jim Clark, ambaye kwa Chapman alikuwa kama ndugu, akafa Hockenheim, Ujerumani. Chapman alivunjika moyo kabisa.

Halafu Jochen Rindt. Mwaka wa 1969 bawa la nyuma la gari lake lilivunjika mbioni Uhispania akaumia. Akamwandikia Chapman barua akimwomba aongeze nguvu kwa sehemu dhaifu, hata kama gari itaongeza kilo kidogo, juu dereva hawezi kuendesha gari asiyoiamini. Tarehe 5 Septemba 1970, kule Monza, shafti ya breki ilikatika. Gari likaingia kizuizi cha kando ambacho hakikuwekwa vizuri, na Rindt akafa. Alama zake zilitosha, akawa bingwa wa dunia akiwa kaburini. Hakuna mwingine. Kesi iliendelea Italia kwa miaka, na mwishowe Chapman akaondolewa lawama.

Unaweza kusema siku hizo kila timu ilizika madereva, na ni kweli. Lakini ile barua iliandikwa.

MAMILIONI YALIYOPOTEA

Mwisho wa miaka ya sabini, Mmarekani John DeLorean alipata hela za serikali ya Uingereza kuunda gari karibu na Belfast. Ndio ile ndai yenye milango ya kufunguka juu kama mabawa. Juu yake ni chuma kisichoshika kutu, lakini chini ni faiba, iliyoundwa kwa njia ya Lotus ya kuvuta hewa na kuingiza resini kwenye ukungu uliofungwa. Lotus ndio walipewa kazi ya kuifanya iende.

Pesa hazikupita njia iliyonyooka. Zaidi ya dola milioni 17 zilipitia kampuni iliyosajiliwa Panama, zikapotea. Oktoba 1982 kiwanda kilikuwa kinafungwa na DeLorean akakamatwa kwa kesi ya dawa za kulevya, ambayo baadaye aliishinda. Wachunguzi wakaanza kuuliza maswali kuhusu Chapman.

Hawakumpata. Tarehe 16 Desemba 1982 moyo wake ulisimama akiwa nyumbani Norfolk. Alikuwa na miaka 54 tu. Siku hiyohiyo timu yake ilikuwa inajaribu gari lenye suspensheni ya kompyuta. Mwaka wa 1992 mhasibu wake wa miaka mingi, Fred Bushell, alikubali makosa akafungwa miaka mitatu. Jaji alisema wazi kuwa kama Chapman angekuwa hai na amesimama hapo, angepata si chini ya miaka kumi.

ALIACHA NINI?

Lotus bado iko, ingawa imeuzwa mara kadhaa na sasa wenye hisa nyingi ni Geely wa China. Timu yake ya Formula 1 ilifunga miaka ya tisini. Lotus Seven bado inaundwa na Caterham, na bado unaweza kuinunua ikiwa vipande.

Mimi sijui kumwita shujaa au tapeli, na sioni sababu ya kuchagua moja. Ni msee aliyefeli hesabu na akajenga kitu kutoka kwa gari lililokataa kununuliwa. Pia ni msee ambaye dereva wake alimwomba chuma kidogo zaidi. Hazel, aliyetoa pauni 25, ndiye alibaki na familia.

Kwa hivyo siku ukipata bampa yako ya faiba imepasuka, usikimbilie kopo la rangi. Ing'oe kwanza, uigeuze, uangalie nyuma. Binamu yangu sasa ndivyo anafanya, na ile bampa imemaliza mwaka bila ufa.